Halbadiri kwa Ajili ya Kaseti

Kwanza kabisa, msipulize kaseti. Najua hamna kaseti, michezo yenu yatoka hewani na kuingia kwenye simu, lakini nimeombwa niwaeleze kazi niliyoifanya, na kazi yangu inaanzia hapo. Kila aliyeingia ukumbini kwetu Magongo aliamini kwamba mchezo ukigoma kuwaka, dawa yake ni kuichomoa kaseti, kuivuvia kwa mdomo na kuirudisha. Mate ya binadamu yana chumvi, na hewa ya Mombasa ina yake tayari. Vikikutana juu ya meno ya shaba ya kaseti, haupiti muda unaona ukungu wa kijani. Chukua raba ya penseli, sugua yale meno taratibu, kisha pitisha pamba yenye spiriti. Basi. Niliyasema haya kila siku ya Mungu na kila siku nikamkuta mtu mzima, baba wa watoto, amefutua mashavu anapuliza.

Mimi ni Riziki. Mnanijua kwa kutengeneza pasi na redio, na wengine mnanijua kwa ukali. Mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa fundi na msimamizi wa ukumbi wa vidio gemu wa Mzee Mbarak, kando ya Barabara ya Magongo. Mwanamke mwenye buibui na chuma cha kulehemu mkononi alikuwa kioja. Watu walisimama dirishani kunitazama mimi kabla ya kutazama mchezo, na Mzee Mbarak, ambaye hakuwa mjinga, aliiweka meza yangu karibu na dirisha makusudi.

Ufundi nilifunzwa na Fundi Omari wa Jomvu Kuu, mtu wa redio tangu zile zilizokuwa kubwa kama kabati. Hakuwa na maneno. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa akaniambia nimwite itakapofufuka, akaenda zake kuswali adhuhuri. Nilimwita baada ya wiki mbili. Aliisikiliza, akaizima, akanipa nyingine.

Mashine yetu ya kwanza niliiua mwenyewe. Ililetwa na baharia kutoka nchi ambayo umeme wake ni nusu ya wetu, nami kwa kiherehere changu nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Ikatoa moshi. Nikashika kilichokuwa karibu, jagi la maji ya ukwaju la Zuhura, nikaimwagia. Zuhura ni binti yake Mzee Mbarak, alikuwa akiuza viazi karai na maji ya matunda pale mlangoni, na nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Fundi Omari alipoitwa aliifungua mashine, akanusa, akasema nimeiua kwa moto na kuizika kwa ukwaju. Tangu siku hiyo, kifaa kikiletwa, mimi husoma kwanza kile kibandiko cha nyuma. Nanyi someni. Watu hawasomi vibandiko, kisha wanasema wamerogwa.

Sasa niwaeleze habari ya merikebu.

Kulikuwa na kaseti moja ya kijivu isiyo na karatasi ya juu, iliyoingia bandarini sijui na nani. Ndani yake mlikuwa na merikebu ya kusafiri baina ya nyota, yenye maafisa sita: daktari, mhandisi, mwenye ramani, mpishi, wa mitambo ya sauti na msaidizi wa kamanda. Mchezaji ndiye kamanda. Mmoja wa wale sita ni jasusi aliyetumwa na adui, na kamanda hajui ni yupi. Kila afisa alikuwa na kimstari chekundu kichwani kinachoonyesha uaminifu wake. Ukimpuuza kinafupika, ukimsikiliza kinarefuka. Kwa hivyo si mchezo wa kupiga risasi. Ni mchezo wa kuishi na watu, na ndiyo maana uliwashika watu wazima.

Shida ilikuwa moja. Ile kaseti ilikuwa na nafasi moja tu ya kuhifadhi safari. Aliyekuja asubuhi akaanza upya, amefuta ya aliyecheza jana. Watu walikuwa karibu kupigana. Mzee Mbarak akatoa amri kwamba ukumbi wake utakuwa na merikebu moja, kamanda mmoja, na wengine wote ni kamati. Sisi watu wa huku tukifika watatu tunaunda kamati, hilo halikumshangaza mtu. Mzee Mbarak akawa mwenyekiti. Fundi cherehani mmoja akawa katibu. Kukawa na mweka hazina asiye na hazina. Kamanda alichaguliwa kwa kura, akapita Musyoka, Mkamba aliyekuwa akiendesha kreni bandarini, kwa hoja kwamba ndiye peke yake mle ndani aliyewahi kuendesha kitu kikubwa.

Kikao kilikuwa baada ya alasiri mpaka magharibi. Kiingereza cha kwenye kioo nilikisoma mimi kwa sababu nilifika kidato cha nne, nikawatafsiria, na kamati ikajadili. Merikebu haikusogea bila azimio. Kuna siku walijadili saa nzima kama mpishi aruhusiwe kupumzika, na mweka hazina akatoka nje kwa hasira kwa sababu alikuwa upande wa mpishi.

Musyoka alikuwa na njia yake ya kuongoza. Kila kikao kilipoanza, kabla ya jambo lolote, aliwapitia maafisa chumba kwa chumba akiwauliza hali. Mchezo haukumlazimisha. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingia, alisema hodi. Tulimcheka mwanzoni. Baada ya mwezi mmoja kamati nzima ilikuwa inasema hodi pamoja naye, na wapita njia wanaitikia karibu.

Mzee Mbarak aliamini kinyume chake. Kwake yeye uongozi ni jicho. Alirudia kikulacho ki nguoni mwako mpaka nikaichoka methali yenyewe. Ndiye aliyeshikilia kwamba jasusi ni mhandisi, kwa sababu alikuwa anajibu kwa mkato na hatazami mtu usoni. Musyoka alikataa siku nne. Siku ya tano kura ilipigwa, mhandisi akateremshwa kwenye mwezi mtupu usio na mtu, akaachwa na debe la maji. Kesho yake tukasikia mitambo imenasa ujumbe mwingine wa siri ukitoka merikebuni kwenda kwa adui. Jasusi alikuwa bado yumo. Mhandisi hakuwa na kosa.

Wanangu, sijui niwaelezeje. Walimkalia tanga. Siku tatu padi ya kuchezea haikuguswa, mashine imezimwa, wanaume kumi wamekaa kwenye mkeka wanakunywa kahawa chungu kwa ajili ya mtu asiyekuwako. Musyoka, mzee wa kanisa, aliomba sala fupi. Alipoinuka alisema kwamba kuanzia siku ile hatamtupa mtu yeyote kwa dhana, na asiyekubali achague kamanda mwingine. Hakuna aliyejitokeza.

Basi tukaendelea hivyo hadi mwezi wa saba wa safari.

Tangu mwezi wa kwanza alikuwamo pia kijana mmoja, Hamisi. Alikuwa mpole, kazi yake kuoka mikate Likoni. Kila siku akivuka feri, akaja mpaka Magongo na mkate wa moto chini ya kwapa, akakaa nyuma kabisa. Hakuchangia hoja. Wengine tulijua kwamba kaka yake ana ukumbi wa michezo kulekule Likoni, lakini hatukulifikiria. Mimi nilichokiona ni kwamba Zuhura alianza kufunga leso zake mpya siku za kazi. Wazee wa Hamisi wakatuma ujumbe, Mzee Mbarak akaridhia, posa ikapangwa kuletwa Ijumaa.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo nikaifuta merikebu.

Nitawaeleza kwa kirefu kwa sababu hili ni la kazi. Ndani ya kaseti kuna betri ya duara, ndogo kama sarafu, na ndiyo inayoikumbuka safari yako umeme ukizimwa. Ikifa, kumbukumbu imekufa. Niliipima nikaona imechoka. Fundi Omari alinifundisha namna ya kuibadili: unachukua betri mbili za tochi, unazifunga pamoja, unachomea nyaya zake kwenye ubao pembeni ya ile ya zamani, ndipo unaitoa ya zamani. Usimwondoe mlinzi kabla mwenzake hajafika zamuni. Na zile nyaya uzishike kwa gundi, zisitikisike. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kinywani mwake.

Siku ile alikuwa msibani. Ningeweza kungoja. Nilikuwa na haraka na kiburi, nikitaka akirudi aikute kazi imekwisha. Nilizichomea nyaya, nikaona zimeshika, gundi nikaiacha, nikaitoa betri ya zamani. Nilipoinua mkono kuchukua betri mpya, mkono wa buibui ukaunasa waya mmoja ukachomoka. Haikutoka hata cheche. Niliuona tu waya unaning'inia, nikajua miezi saba imekwenda.

Nikaweka betri mpya, nikaifunga kaseti, nikaifuta vumbi na kuirudisha mahali pake. Sikumwambia mtu. Kosa la mkono nilishajisamehe zamani. La kunyamaza bado linanitia haya mpaka hivi niwaambiapo.

Alasiri wakaja. Musyoka akachomeka kaseti, akasema hodi. Kioo kikamwuliza jina lake nani, kama mgeni. Akatoa, akarudisha. Kikamwuliza tena. Mweka hazina akaipuliza. Mzee Mbarak akavua kofia, na mtu mmoja nyuma akasema inna lillahi. Kisha wakaanza kutazamana, na macho yote, moja baada ya jingine, yakatua kwa Hamisi.

Hoja zilijipanga zenyewe. Jana yake aliwahi kufika, akaonekana amesimama karibu na meza yangu. Alikuwa akimngoja Zuhura, lakini hilo lingesemwa na nani mbele ya baba mtu? Anatoka Likoni. Kaka yake ana ukumbi wa kushindana na wetu. Hachangii hoja. Hatazami mtu usoni. Hamisi alisema wallahi si yeye, lakini alilisema akitokwa na jasho mno, nalo likahesabiwa dhidi yake.

Musyoka alisimama akawakumbusha mhandisi. Mzee Mbarak akamjibu kwamba mhandisi alikuwa wa kwenye kioo na binti yake ni wa nyumbani, na hatamwoza msaliti. Posa ya Ijumaa haitapokewa mpaka jambo hili lijulikane. Na ili lijulikane, akasema, atamwita Maalim Bakari wa Jomvu Kuu aje kusoma Halbadiri.

Kwa nyinyi mliokulia kwenye simu: Halbadiri ni kisomo kizito. Mtu akiibiwa na mwizi hajulikani, huenda akatishia kukisomesha, na mara nyingi kitu hurudi chenyewe alfajiri kikiwa mlangoni, kwa sababu hakuna anayetaka kujua kitamfanya nini. Wengine husema utavimba, wengine husema utapofuka. Halijawahi kutokea katika dunia kwamba kisomo hicho kimetishiwa kwa ajili ya vidio gemu. Musyoka aliuliza kwa heshima kama kinawashika na Wakristo. Akaambiwa hakibagui.

Siku mbili sikula. Nilijipapasa mashavu kila saa kuona kama nimeanza kuvimba. Zuhura alikuja mezani kwangu na macho mekundu akaniuliza, "Dada Riziki, wewe huwa hapa kutwa. Hukuona alichofanya?" Nikamwambia sikuona kitu. Akashukuru akaenda kumenya viazi vyake. Nyinyi semeni mtakalo, mimi nilijichukia.

Alhamisi baada ya alasiri Maalim Bakari akaja, na aliyemshika mkono kumleta alikuwa Fundi Omari. Nilipomwona fundi wangu nikakificha chuma changu cha kulehemu chini ya meza. Tulimwamkia Maalim, akaitikia marahaba, akakalishwa kwenye kiti cha kamanda kwa kuwa ndicho kiti kizuri. Msahafu na chuo, kile kitabu cha kisomo, vikawekwa mbele yake juu ya kitambaa, vimefungwa. Hamisi alikuwa mahali pake pa nyuma, na Zuhura alikuwa mlangoni na karai lake, mgongo ametupa, anajifanya hasikii.

Maalim akauliza, "Kilichoibwa ni nini?"

"Merikebu, Maalim," akasema Mzee Mbarak.

"Ya nani?"

"Yetu sote."

"Ilikuwa imetia nanga wapi?"

Mzee Mbarak akamtazama Musyoka, na Musyoka akasema ilikuwa haijatia nanga, ilikuwa njiani baina ya nyota mbili. Maalim akavua miwani yake. Akauliza kama ndani yake mna watu.

"Watano," akasema Musyoka. "Walikuwa sita. Mmoja tulimwacha kwenye mwezi kwa makosa."

"Mulimwacha."

"Tulimkalia tanga, Maalim," akasema katibu haraka.

Maalim Bakari akaomba aonyeshwe hiyo merikebu. Akaonyeshwa kaseti. Akaigeuza, akaipima uzito kiganjani, akaiweka chini mbali na vitabu vyake. Akasema Halbadiri ni dua ya mashahidi wa vita vya Badri, haisomwi kwa vitu vya kioo, na kwamba lau si heshima ya Mzee Mbarak angekuwa ameshaondoka. Tukashusha pumzi, mimi kuliko wote. Kisha akaendelea.

"Lakini hapa kuna kijana ametajwa kwa ubaya, na jina la mtu si mchezo. Kwa hilo nitakaa. Anayejua kitu na aseme sasa, chuo kimefungwa. Nikishakifungua sitakifunga mpaka nimalize."

Akaweka mkono juu ya jalada. Nilimwona Zuhura ameacha kugeuza viazi, na vilikuwa vinaungua.

"Ni mimi," nikasema. "Hamisi hakuigusa. Nilikuwa nikibadili betri, nikaifuta, nikanyamaza."

Fundi Omari ndiye aliyegeuka wa kwanza. "Uliweka betri za tochi?"

"Niliweka. Waya ulichomoka."

"Ulitia gundi?"

"Sikutia."

"Haya," akasema, akatazama mikono yake. Ningependa angenipiga. Mzee Mbarak alinifukuza kazi palepale, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na akanirudisha baada ya siku tatu kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiwasha ile mashine. Hilo la baadaye. Wakati ule nilikuwa nimesimama nangoja kuvimba, na wote walikuwa wamemgeukia Hamisi kumwomba radhi. Mzee Mbarak alikwisha kunyoosha mkono.

Hamisi hakuupokea. Alikuwa anakitazama chuo, na jasho lilikuwa linamtoka zaidi kuliko mwanzo.

"Mimi si mwizi," akasema. "Lakini Maalim amesema anayejua kitu aseme. Jasusi ni mimi kweli."

Mkono wa Mzee Mbarak ukabaki hewani.

Alikuwa ametumwa na kaka yake. Kaka mtu alikuwa ameagiza kaseti kama yetu kutoka Dubai, akataka ikifika ukumbi wake uwe unajua njia yote, sisi tubaki nyuma. Kazi ya Hamisi ilikuwa kukaa nyuma, kutazama, na kuandika kwa kificho aliyoyaona kwenye karatasi za kufungia mikate. Akafungua mfuko wa duka la mikate akatoa bunda la karatasi hizo, zingine zina mafuta. Alisema hakumpa kaka yake hata moja. Kaseti ya Dubai ilifika mwezi uliopita, na alipodaiwa karatasi alisema zimelowa maji ya bahari. Kaka mtu hajasema naye tangu hapo.

Mnajua, kosa likizidi ukubwa watu hukosa la kufanya. Tulikuwa tumemtafuta jasusi kwa miezi saba, naye alikuwa akituletea mkate. Mweka hazina alitaka atolewe nje. Musyoka akamwambia akae.

"Nilikuona ukiandika," akamwambia Hamisi. "Tangu mwezi wa kwanza."

Mzee Mbarak akamwuliza kwa hasira kwa nini hakusema. Musyoka akajibu kwamba mtu avukaye feri kila siku na kupanda gari mbili ili aje kukaa nasi, ni wetu, aliyemtuma na awe yeyote. Alisema angemtaja tungemtupa, na yeye alishaapa. Kisha akachukua zile karatasi aone zimeandikwa nini, na uso wake ukabadilika. Karatasi za juu zilikuwa na kila kitu. Kila njia, kila jibu alilopewa kila afisa, kila kituo cha mafuta. Katibu wetu alikuwa na daftari zima la kumbukumbu za vikao, lakini aliandika waliohudhuria na waliotuma udhuru, basi. Yule mpelelezi peke yake ndiye aliyeihifadhi safari.

"Merikebu imo humu," akasema Musyoka, akaanza kusoma kwa sauti ili kamati isikie. Alikuwa msomaji wa polepole, wa kufuata kwa kidole, na mtu wa namna hiyo akishika kasi hajisikii anachosoma.

"'Jumatatu. Wameliepuka wingu la vimondo kwa kupita kushoto. Jumanne. Wamefika kituo cha mafuta. Kamanda amebisha hodi mara tatu. Zuhura amefunga leso ya kijani. Jumatano. Kamati imebishana. Sikusikia wanabishania nini. Viazi vilikuwa na ndimu nyingi. Amecheka mara moja. Alhamisi. Hakucheka. Ijumaa. Hakuja. Hakuna la kuripoti.'"

Hapo ndipo Musyoka aliposikia anachosoma. Akalishusha bunda. Nilitazama, karatasi zilizobaki zilikuwa nyingi, na kwa namna zilivyoandikwa merikebu ilishatoweka humo muda mrefu. Wanakamati walinuna. Ujasusi walikuwa wameanza kuusamehe, lakini kugundua kwamba mtu amekaa nao miezi yote hiyo na nyota hakuziona, kuliwauma. Hamisi alikuwa ameinama kiasi cha kuonekana kisogo tu. Maalim Bakari alikuwa anapangusa miwani.

"Soma tena hapo alipocheka," akasema Mzee Mbarak.

Musyoka akasoma tena. Viazi, ndimu, mara moja.

"Alicheka nini?"

Hamisi hakuinua kichwa. "Alikucheka wewe, Mzee. Ulimpa salamu yule msaidizi wa kamanda kwenye kioo, ukasimama ukingoja akuitikie."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee Mbarak alikitazama kile kioo kilichokuwa kimezimwa. Alipotoa sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia kwake.

"Miezi saba nimekaa hapa nikipima uaminifu wa watu wasiokuwako. Binti yangu yuko hatua nne nyuma yangu, na sikujua kama amecheka."

Akainuka. Akapita katikati ya wanakamati mpaka mlangoni, akakaa kwenye kibao cha Zuhura karibu na karai, moshi wa viazi vilivyoungua unampiga usoni. Sisi sote tulimfuata kwa macho, Maalim naye. Kwetu baba humwuliza binti kwa kumtuma shangazi, na binti hujibu kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Mzee Mbarak hakumtuma mtu.

"Mwanangu, huyu Hamisi wamtaka?"

Zuhura alijizuia kadiri alivyoweza, leso ameibana mdomoni. Kisha akaangua kicheko, kirefu, mpaka akalishikilia karai lisimwangukie babake.

Katibu akanyanyua kalamu, akauliza kama na hilo aliandike. Mzee Mbarak, bila kugeuka, akamwambia aandike, na posa kesho ije.